Dada Yangu Hakuichoma

Dada yangu hakuichoma ile barua. Hilo ndilo nililoagizwa kuandika, na nimeliweka juu kabisa asije akasema nimelizika katikati. Haya, lake limekwisha. Sasa niacheni niseme langu, maana nimekaa kimya miaka arobaini na koo limeanza kuniwasha.

Dada ni mpiga taipu. Nasema "ni" ingawa siku hizi hakuna anayemletea kazi, kwa sababu ukimwambia "ulikuwa" atakununia wiki nzima. Amenizidi miaka tisa. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi, baba alikwisha kuoa kwingine zamani, na dada akaachwa na mtoto wa kulea kabla hajajilea mwenyewe. Alijifunza kutaipu kwa miezi mitatu, akapata taipureta iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu, akakodi chumba kimoja mkabala na mahakama, akatundika kibao: TAIPU. HARAKA. SIRI. Kwa mashine hiyo nililishwa, nikavishwa, nikasomeshwa. Sijalikana hilo hata siku moja, na hata ningetaka kulisahau asingeniruhusu. "Nimemlea kwa vidole hivi kumi," angesema, akiviinua mbele ya mteja, mbele ya jirani, mbele ya muuza mkaa aliyekuja kuuza mkaa tu. "Mimi si mtu wa kusema, lakini nimemlea."

Mimi si mtu wa kusema, lakini. Yashikeni maneno hayo. Dada akianza hivyo, vuta kiti, kwa kuwa atasema mpaka chai ipoe. Mkarimu ni mkarimu, sitamdhulumu. Mgonjwa wa mtaani alipelekewa uji na dada yangu kabla ya ndugu zake kujua kuwa anaumwa. Ila uji ulifika saa mbili, na habari za uji zilifika saa moja. Akimfariji mfiwa, kesho yake mtaa mzima unajua alivyomfariji, maneno gani alitumia, na yule mfiwa alilia vipi begani kwake. Akitembea na mwavuli wake mweusi, mvua isiwepo jua lisiwepo, alijiona yeye ndiye nguzo inayoshikilia paa la kila nyumba.

Lakini siri za wateja alizitunza kweli, na sababu yake ndiyo kiini cha mkasa huu. Alizitunza kwa sababu hakuzijua. Dada hasomi anachokipiga. "Mpiga taipu anayesoma ndiye anayekosea," ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyoishi. Jicho linachukua neno, kidole kinalitua, kichwani halipiti. Kichwa kiko huru kupiga soga. Siku moja mwanamke alikuja na malalamiko dhidi ya mumewe, kurasa tatu, ngumi na mateke na matusi yote yameandikwa. Dada akazipiga huku akinisimulia harusi ya jirani, akamkabidhi kazi bila kosa hata moja, kisha akamwambia kwa uchangamfu, "Haya mama, nisalimie shemeji." Yule mwanamke alibaki mdomo wazi. Nilijificha nyuma ya kabati nikicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mimi nilifanya kazi pale pale. Nilipanga karatasi za kaboni, nikatenganisha kopi, nikapanga kurasa. Kila Jumamosi nilifuta meza na kukung'uta kile kipande cha blanketi la kijivu, kilichokunjwa na kushonwa pembeni, ambacho dada alikitandika chini ya mashine ili isipige kelele. Kikumbukeni nacho.

Jioni alikuja Mwalimu. Alifundisha shule ya karibu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, na alikuwa na kipaji kimoja adimu: kusikiliza. Dada alimpenda kwa hilo tu. Alikunywa chai yetu miaka minne kwenye benchi letu, na dada akammiminia kila alichokuwa nacho kifuani. Sisi tulidhani anapumzika. Kumbe mwenzetu alikuwa kazini.

Na kulikuwa na Fundi Redio. Kibanda chake kilikuwa kona ya pili kutoka ofisini kwetu. Akifungua redio ya mtu aliisemesha kama daktari, "Wapi panauma, mama? Hapa? Pole." Nilicheka nikacheka mpaka nikampenda. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Alipopata kazi mji mwingine tulikubaliana: akifika atatafuta chumba, kisha ataniandikia, na anwani yake nitaikuta ndani ya barua. Dada alijua. Hakusema kitu, na dada yangu asiposema kitu, ujue kuna kitu.

Wiki zikapita. Jumatatu moja mtu wa posta alinikuta dukani nikinunua sabuni. "Fundi Redio hajambo huko?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, hajaandika.

"Hajaandika vipi? Jumanne iliyopita nilimkabidhi dada yako mkononi. Bahasha ya buluu, nyuma kachora redio ndogo, waya umening'inia."

Nilirudi nyumbani sioni njia. Dada alikuwa jikoni anachambua mchele, anaimba. Nikasimama mlangoni nikamwuliza, taratibu, nikiwa nimempa nafasi zote za dunia, "Dada, hakuna barua yangu?"

Hata hakuinua uso. "Barua? Ingekuwepo ningekupa, mdogo wangu. Mimi si mtu wa kuficha."

Jamani. Mtu aliyenisuka nywele, aliyenifunika usiku, ananidanganya huku anatoa mawe kwenye mchele ili nisivunje jino. Angeniambia "hutaenda," ningegombana naye. Angeniambia "naogopa kubaki peke yangu," pengine nisingeenda kabisa. Lakini aliutazama mchele akaniambia hakuna. Kesho yake dada alipokwenda mahakamani kupeleka kazi, Mwalimu akanikuta nalia juu ya karatasi za kaboni, mikono myeusi, uso mweusi. Nikamwambia. Ndiyo, mimi. Nilimwambia kila kitu: mtu wa posta, redio ya nyuma ya bahasha, mchele, "mimi si mtu wa kuficha." Alinisikiliza vizuri sana.

Mwaka na nusu baadaye alileta rundo la madaftari ya shule yaliyojaa mwandiko wake. Riwaya. Dada aliipiga kwa miezi miwili, na alijivuna kama vile kaitunga yeye. Mimi nilipokea kurasa zikitoka, na nilizisoma, kwa sababu mimi husoma.

Ndani yake kulikuwa na mshona nguo mmoja, jina lake Mama Mwema. Anatembea na mwavuli. Anampelekea mgonjwa uji kisha anatangaza. Anamlea mdogo wake na kila saa anamkumbusha. Na kila akifungua mdomo anaanza, "Mimi si mtu wa kusema, lakini." Nilijikaza, nikaendelea kupanga. Halafu ikaja sura ya kumi na moja. Inakuja barua ya mchumba wa yule mdogo, bahasha ina redio ndogo nyuma, Mama Mwema anaipokea. Anaitia jikoni. Inapowaka vizuri anateleka birika juu yake, anachemsha chai, anamtilia mdogo wake kikombe. Mdogo mtu anakunywa, anashukuru.

Nilikuwa nimeushika ukurasa ule ungali na joto la mashine. Dada yuko mbele yangu, vidole vinakimbia, kengele inalia mwisho wa kila mstari, mdomo unasimulia habari za mke wa karani. Akaniona. "Mbona umenyamaza hivyo? Unaumwa? Ngoja nikuchemshie chai."

Jioni nilimfuata Mwalimu hadi barabarani. Nikamwuliza, ni kweli aliichoma? Akaniuliza, je, nimeiona mahali? Nikasema hapana. Akarekebisha kifungo chake cha shingo. "Basi," akasema, "watu wa namna ile huchoma." Nami nikamwamini. Maandishi yana nguvu yake; ukishaliona jambo limepigwa taipu safi, lina pambizo, lina namba ya ukurasa, unalikubali. Sikumwuliza dada tena. Ya nini kuuliza majivu? Baada ya mwaka nikasikia Fundi Redio ameoa huko huko. Wengine walikuja kuniposa, wawili, watu wazuri tu, nikawapima kwa kipimo cha yule asiyekuwepo, wakaenda zao. Nimekaa na dada mpaka leo.

Kitabu kilitoka, kikapendwa, kikaingia mashuleni, hakijatoka tena. Watoto wa waliokisoma wanakisoma. Mwalimu alimletea dada nakala ya kwanza, ameandika kwa mkono wake: "Kwa dada mpiga taipu. Bila yeye kitabu hiki kisingekuwapo." Dada akaukata ukurasa ule akautia fremu, akautundika sebuleni. Nakala yenyewe akaifunga kwenye kitambaa akaiweka kabatini, hakuifungua kamwe. "Nisome nini? Kimepita chote kwenye vidole hivi." Mwalimu alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, dada alisimama makaburini akamlilia kama kaka yake.

Na lile jina likashuka kitabuni likaingia mitaani. Mtu akijisifia wema huambiwa, "Acha U-mama-mwema." Wanafunzi wakimwona dada anapita na mwavuli wanagongana viwiko: "Mama Mwema huyo!" Naye anasimama, anawatabasamia, anawapungia mkono. "Unaona watoto wa siku hizi wanavyojua kuheshimu?" ananiambia. "Wameniita Mama Mwema." Mara ngapi nimeyasikia hayo nikiwa nimebeba kikapu pembeni yake! Muuza duka alimwita hivyo mbele ya watu sita, wote wakainamisha nyuso kuficha vicheko, na dada akamjibu, "Asante baba, na wewe ubarikiwe." Nyani haoni kundule, ndiyo, lakini kumtazama nyani wako mwenyewe akichekwa si mchezo. Kuna siku nilifurahi. Nasema kweli yangu. Kuna siku nilimtazama akipunga mkono nikasema moyoni, kunywa na wewe, dada, chai ndiyo hiyo.

Mwezi uliopita ikaja barua kutoka shule moja ya sekondari. Kitabu kimetimiza miaka arobaini, mwandishi hayupo, lakini wamesikia kwamba aliyekitaipu yu hai. Je, angekubali kuja kuzungumza na wanafunzi? Dada aliisoma mara tatu kwa sauti. Akatoa gauni la sherehe, akalipiga pasi siku nne kabla.

Nilijua akienda ataumbuka. Na nilijua akiumbuka, ataketi chini afikiri, na atajiuliza Mwalimu aliyajuaje ya barua, na katika dunia nzima mtu wa kumwambia ni mmoja. Nikaanza visingizio. Dada, magoti yako. Dada, jua kali. Dada, wanafunzi wa siku hizi hawana adabu. "Una wivu," akaniambia, "sababu hawakukuita wewe uliyepanga kopi." Ningeweza kumwambia kila kitu pale pale, mlango umefungwa, tukiwa wawili. Nilikuwa na siku nne. Sikumwambia.

Ukumbi ulijaa. Dada akakaa mbele, mwavuli magotini, ile fremu ameileta chini ya kwapa akaisimamisha mezani. Mimi nilikuwa mstari wa kwanza. Alianza vizuri, na nilianza kupumua. Aliwaeleza habari za kaboni na utepe, jinsi ukikosea unavyosugua kopi tatu moja moja, na watoto waliozaliwa na simu mkononi wakashangaa. Akawachekesha. Mwalimu wao wa fasihi, mwanamke mmoja kijana mwenye miwani, alikuwa anang'aa kwa furaha.

Kisha msichana wa mstari wa nyuma akasimama. "Bibi, shikamoo. Wewe uliyekipiga kitabu, unamwonaje Mama Mwema?"

Dada akacheka kwa raha zake. "Marahaba. Mama Mwema? Mbona mtaani ndivyo wanavyoniita mimi!"

Ukumbi ulipasuka. Walicheka wakapiga madawati, wengine wakasimama. Walidhani ni mzaha wa mzee mchangamfu, wakampigia makofi. Dada akacheka nao, kwanza kwa nguvu, halafu kidogo kidogo, akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba siyo. "Mnacheka nini?" akauliza.

Mwalimu wa fasihi alikuwa ameanza kuelewa, masikini. Akasema, "Bibi pengine amesahau, ni miaka mingi. Hebu tumsomee." Nilisimama nusu. Nilitaka kusema msisome. Msichana alikwisha kufungua, na kwa sauti nzuri, ya kufundishwa, akasoma:

"'Mimi si mtu wa kusema,' alisema Mama Mwema, 'lakini mtoto huyu angekuwa wapi bila mimi?' Akaigeuza bahasha. Nyuma yake palichorwa redio ndogo, waya wake umening'inia. Akaitia jikoni. Ilipowaka vizuri akateleka birika."

Alisoma mpaka kikombe cha mwisho. Dada hakusogea. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno, nyuma kidogo ya msichana, na nikaona vidole vyake juu ya mwavuli vikigonga. Alikuwa anayapiga. Baada ya miaka arobaini yalikuwa yanapita kichwani.

"Ukurasa wa ngapi huo?" akauliza.

"Mia na kumi na mbili, bibi."

"Soma tena pale mwisho."

Akasoma tena. Dada akainuka, fremu ikaanguka chali mezani. "Mwongo!" akasema. "Huyo mwandishi mwongo! Hakuichoma!"

Wanafunzi wakafurahi, wakafikiri ndiyo mjadala umeanza. Mvulana mmoja akanyoosha mkono. "Lakini bibi, kitabu kinasema aliichoma."

"Hakuichoma, nakwambia! Alikuwepo huyo mwandishi? Aliona? Hakuichoma!"

Wao walikuwa wanasikia bibi akibishana na riwaya. Mimi nilikuwa nasikia kwamba ipo. Barua yangu ipo.

Tukarudi nyumbani. Nilibeba fremu, yeye akabeba mwavuli. Tulipoingia ndani hakuvua hata viatu. Akageuka.

"Nani alimwambia?"

Ningeweza kumsingizia mtu wa posta, amekwisha kufa. Nikasema, "Mimi. Nilimwambia umeificha. Ya kuchoma kayatunga mwenyewe."

"Wewe." Akaketi kitini taratibu. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekaa na mtu miaka yote hii, tunakula sahani moja, na umenitia kitabuni nichekwe na watoto wa nchi nzima. Ulikuwa unanisikia wanaponiita lile jina. Ulikuwa hapo pembeni na kikapu chako. Na ukanyamaza!"

"Na wewe je?" Sauti yangu sikuitambua. "Nani aliyeanza? Nani aliyechukua barua ya mwenziwe? Mkuki kwa nguruwe, eh? Unalia kitabu, unalia jina, mimi nilie nini? Maisha yangu yote yalikuwa kwenye ile bahasha!"

"Ungeniuliza!"

"Nilikuuliza! Nilisimama mlangoni nikakuuliza, ukaniambia wewe si mtu wa kuficha!"

"Uliniuliza mara moja," akasema. "Nilingoja uulize tena. Haki ya Mungu, nilisema moyoni, akiniuliza mara ya pili nampa. Hukuuliza."

Mtu atajibu nini hapo?

Alikwenda kwenye meza ya kona ambako mashine inakaa siku hizi, imefunikwa. Akaiinua, na umri ule, akavuta kile kipande cha blanketi la kijivu. Akachukua mkasi akafumua pembeni. Bahasha ya buluu ikatoka, imebanwa bapa kabisa, na nyuma yake redio ndogo, waya wake umening'inia. Nimelikung'uta vumbi lile blanketi kila Jumamosi. Kitabu kizima kilipigwa juu yake, sura ya kumi na moja na zote.

"Tazama," akasema, akinionyesha gamu ya bahasha, haijabanduka. "Sikuifungua. Barua ya mtu mimi siifungui."

"Huifungui, unaiba tu!"

"Mama alipokufa ulinishika pindo la gauni ukasema nisikuache. Sikukuacha. Walikuja watu kuniposa mimi pia, ulijua hilo? Niliwaambia nina mtoto. Halafu wewe ndiye ukawa unaondoka." Alikuwa analia sasa, hajifichi. "Lakini sikuichoma. Mimi si yule. Yule aliichoma akachemshia chai. Mimi niliitunza."

Nikamwambia anisomee, maana macho yangu yalijaa maji. Akakataa, akasema hasomi barua ya mtu. Basi nikajifuta, nikaifungua mwenyewe, nikaisoma kwa sauti ili naye aisikie. Naiweka hapa kama ilivyo, anwani yake tu nimeiacha:

"Mpenzi, nimepata chumba. Kina madirisha mawili, moja linapata jua la asubuhi. Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kwa basi la saa sita mchana. Kama umekubali, njoo stendi. Usipokuja nitaelewa, nitapanda basi la saa kumi kurudi, wala sitakuja ofisini kukuaibisha mbele ya dada yako. Lakini njoo."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. Siku ile mtu wa posta aliponikuta dukani zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Na Jumamosi yenyewe nilikuwa wapi? Ofisini, nikifuta meza, nikikung'uta blanketi. Stendi ilikuwa nyuma ya mahakama. Kutoka mlangoni kwetu ulisikia honi za mabasi. Saa nne nzima alikaa pale na mimi nilizisikia honi zile.

Dada alisikiliza hadi mwisho. Kisha, na hapa mjue ni mtu wa namna gani nimeishi naye, akasema, "Utawaandikia wale wa shule. Uwaambie sikuichoma. Wanadhani nilichemshia chai."

Nilitaka kumrushia kikombe. Barua yangu imelala chini ya vidole vyake miaka arobaini, na yeye analia jina! Nikatoka nje nikakaa kibarazani mpaka hasira ikachoka yenyewe. Niliporudi nilimkuta pale pale, hajavua viatu, ameshika kile kipande cha blanketi kilichofumuliwa. Ile fremu ya Mwalimu alikwisha kuigeuza uso ukutani.

Nikamwambia sawa, nitaandika. Ila nitaandika yote, yako na yangu, na wewe ndiye utakayeyapiga.

"Nitayapiga," akasema.

"Na safari hii usome."

"Nikisoma nitakosea."

"Kosea."

Amechukua siku sita, yeye ambaye kazi kama hii ilikuwa ya asubuhi moja. Mashine ilikuwa inapiga kelele juu ya meza tupu, na mdomo wake haukusimulia kitu. Kurasa zote zimekuja safi, hata zile nilizomsema vibaya. Hakuondoa neno, hakuongeza neno. Isipokuwa ule wenye barua. Huo una makosa kumi na moja. Neno "stendi" amelipiga mara tatu, moja juu ya jingine, mpaka karatasi imetoboka.

Akaniuliza kama aupige upya. Sijamsamehe, na nimemwambia hivyo. Lakini ukurasa nimemwambia auache kama ulivyo.